Fomu Iliyowakataa Wasichana wa Kebirigo

Nilipewa dakika tatu kwenye mazishi ya Mwalimu Kemunto, nikazipoteza zote. Msimamizi wa ratiba alinitambulisha kama "dada aliyefanya kazi na marehemu wakati kompyuta zinaingia Kisii," nikasimama mbele ya mahema na viti vya plastiki, nikasema marehemu alikuwa mchapakazi, mkarimu na mcha Mungu, maneno yale yale aliyoyasema aliyenitangulia na ambayo bila shaka aliyasema aliyenifuata. Nilipoketi, mama mmoja kando yangu alinipa leso akidhani nalia kwa uchungu. Nilikuwa nalia kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yangu. Nilitaka kuwaambia waombolezaji wale kwamba mwaka wa 1999 nilimwona mwanamke huyu akikosea, akigundua amekosea, kisha akifanya jambo ambalo katika miaka yangu yote ya kazi nimewaona watu wachache mno wakilifanya. Lakini jambo lenyewe linahusu fomu, na nani anataka kusikia habari za fomu kaburini? Basi nimeliandika hapa, ambako hakuna anayenionyesha saa.

Ofisi yetu ilikuwa ghorofani mjini Kisii, juu ya duka la vitambaa la Bwana Kantilal. Ulipanda ngazi za mbao ukipita marobota ya sare za shule, ukavua viatu mlangoni kwa kuwa Mwalimu aliogopa tope na vumbi kuliko alivyoogopa wezi, ukaingia chumba chenye pazia la buluu na meza nne. Kila meza ilikuwa na kompyuta, na jioni kila kompyuta ilifunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya sebuleni. Moja tu, ile ya dirishani, ndiyo iliyounganishwa na laini ya simu. Mvua ya Kisii, ambayo haikosi miadi yake ya alasiri, ilipoanza kupiga mabati, laini ilikwaruza na kukatika, nasi tukaketi kungoja. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, nimemaliza kidato cha nne na kozi fupi ya kupiga chapa, na nilijiona nimefika. Wenzangu walikuwa wakichuma chai. Mimi nilikuwa nagusa mtandao. Mwalimu, kwa upande wake, alikuwa amefundisha hisabati miaka mingi katika shule ya wasichana upande wa Nyacheki. Kuandika programu alijifundisha mwenyewe, kwa vitabu alivyoletewa na binamu yake kutoka ng'ambo, akivisoma na penseli mkononi na kusahihisha pambizoni pale aliposhuku kwamba mwandishi amekosea. Mara mbili nilimwona akithibitisha kwamba yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Na kila alipomaliza kuandika alipangusa vidole kwenye sketi, ingawa chaki alikuwa ameiacha zamani.

Saa saba mchana kazi ilisimama. Mama Hansa, mke wa Bwana Kantilal, alipanda na sufuria ndogo ya dengu na chapati nyembamba zilizopakwa samli, mimi nikafungua bakuli langu la ugali wa wimbi na chinsaga, ile mboga chungu ambayo Mgusii akiikosa wiki nzima huhisi hajala, na Mwalimu, aliyekuja na parachichi mbili kila siku ya Mungu, akatugawia. Mama Hansa aliipenda chinsaga kuliko mimi. Alizaliwa Kisii, na Ekegusii chake cha sokoni kilikuwa kikali kuliko changu, mara nyingi nilimsikia kule chini akimwambia mtu, "Weka kitambaa chini, wewe hukuja kununua, umekuja kupapasa." Ni katika mlo mmoja wa namna hiyo alipotuuliza swali ambalo lingetuokoa kama tungekuwa na masikio.

"Mwalimu, hiyo fomu yenu mtu akishabonyeza, nani anaisoma?"

"Inaenda Nairobi, Mama Hansa. Huko kuna kompyuta kubwa haizimwi, nimeacha maagizo yangu ndani yake. Inasoma kila mstari, inaangalia kama uko sawa, halafu inatuma jibu hapa."

"Na kama hauko sawa?"

"Inakataa."

"Inakataa na kusema nini?"

Mwalimu alimeza chapati kwanza. "Inasema kuna kosa."

"Basi?" Mama Hansa akacheka mpaka bangili zikalia. "Hata mimi nikifukuza mteja namwambia sababu."

Tulicheka sote, tukanawa mikono, tukarudi kazini.

Fomu yenyewe ilikuwa hivi. Kanisa moja la ng'ambo lilikuwa limejitolea kuwasomesha uuguzi wasichana wa Kisii na Nyamira, na lilitaka maombi yaje kwa mtandao, ili hata ndugu walioko Nairobi au Marekani waweze kuwajazia dada zao. Maombi yalifunguliwa kwa wiki sita. Wiki ya kwanza haikuisha kabla ya malalamiko: kaka wa Nairobi alijaza, dada naye akaja kwetu akajaza, na wafadhili wakasema wanapokea mtu mmoja mara mbili. Jina halikutosha kuwatenganisha watu. Kwetu mtoto hupewa jina la nyanya aliyefariki, na mlima mmoja unaweza kuwa na akina Kerubo Moraa watano, wote wa rika moja. Vitambulisho wengi walikuwa bado hawajapata. Mwalimu akafikiri, akapangusa vidole, akaandika sheria: anwani moja, mtu mmoja. Sanduku la posta likishatumika, ombi la pili kutoka sanduku hilo likataliwe. Ombi likikataliwa, kwa kosa lolote lile, ulirudishiwa ukurasa mweupe wenye maneno mawili matatu, "Kosa limetokea. Tafadhali rudia," na mistari yote mitupu, kana kwamba hujawahi kuandika kitu. Sheria ile ya sanduku ilikuwa safi, ya mtu wa hisabati. Naikumbuka siku aliyoiandika kwa sababu nilimsifu.

Nyanchama alikuja mara ya kwanza katika wiki ya nne. Alikuwa msichana mrefu kutoka Kebirigo, vidole vimeshika ile rangi ya majani ya chai ambayo haitoki kwa sabuni, na alikuwa amefikisha umri wa mwisho uliokubaliwa kwenye fomu. Mwaka uliofuata asingepokelewa tena. Hilo alinieleza mwenyewe, bila kuombaomba, kama mtu anayetaja saa. Aliandika kwa kidole kimoja, robo saa nzima, akabonyeza, tukangoja. Kosa limetokea. Tafadhali rudia. Akarudia, ikakataa. Wiki ya tano akaja tena, ikakataa. Mara ya tatu alikuja na karatasi ya daftari ambayo alikuwa ameandika majibu yote kwa herufi kubwa, kila jibu na mstari wake, ili asipoteze hata herufi moja. Ikakataa. Siku hiyo foleni ilikuwa imefika ngazini, viatu vimejaa mlangoni, na mawingu yalikuwa yamesimama juu ya mji.

"Dada," akaniambia, "hebu niangalizie. Hiyo jina yangu mimi naona nimeandika sawa."

Sikuangalia. Sikujua jibu, na aibu ya kutojua ilinishinda nguvu. Nikasema kwa sauti, kwa Kiswahili changu cha darasani, ili foleni yote isikie, "Kama jina lako mwenyewe linakushinda kuandika, dawa za wagonjwa utaziandikaje?" Watu wawili watatu walicheka. Nyanchama alikunja karatasi yake mara nne, akavaa viatu, akateremka. Nimewahi kuwaambia watu maneno mabaya zaidi ya hayo, wengine wakistahili. Lakini hayo ndiyo yanayonirudia nikiwa napika, nikiwa nafua, na hadi leo hayajapungua makali.

Alhamisi ya wiki ya mwisho nilikuwa napanda ngazi na birika la chai, nikawasikia kina mama wawili waliokuwa wakiteremka. "Usijisumbue," mmoja alimwambia mwenzake. "Hiyo mashine haitaki watu wa Kebirigo." Mwenzake akauliza, "Ati inajua mtu ametoka wapi?" Yule wa kwanza akasema, "Inajua. Mtoto wa shemeji yangu imekataa, wa jirani imekataa, wote. Wa mjini wanapita tu. Labda inataka chai." Nilifika juu nikicheka, nikamsimulia Mwalimu, nikiongeza chumvi kidogo kwenye sauti ya yule wa pili. Ilikuwa saa ya chakula. Mwalimu hakucheka. Aliweka kisu cha parachichi chini.

"Wamesema Kebirigo?"

Alikuwa na tabia moja ya ualimu: hakutupa karatasi za waliofeli. Programu yake ilitunza nakala ya kila ombi lililokataliwa, ingawa hakuwa amewahi kuzisoma. Aliunganisha laini, akaziita kutoka Nairobi, na mashine ya kuchapa ikaanza kukereza ukurasa baada ya ukurasa. Akachukua kalamu nyekundu na kuanza kupiga mstari chini ya anwani. Majina yalikuwa tofauti, shule tofauti, miaka tofauti. Sanduku lilikuwa moja, la shule ya msingi iliyo juu ya soko la Kebirigo. Baadaye kidogo likafuata sanduku jingine, la kanisa, na lenyewe likajirudia vivyo hivyo.

"Bosibori," akaniuliza bila kuinua macho, "kwenu sanduku ni la nani?"

"La shule, Mwalimu."

"Na wanaotumia ni wangapi?"

Nilitaka kucheka tena, maana swali lilikuwa la kitoto. "Ni sisi wote. Barua zinasomwa jina kwa paredi siku ya Ijumaa, mtoto wa jirani anakuletea nyumbani."

Kalamu ikasimama. "Kwetu baba alikuwa na sanduku lake," akasema polepole. "Mimi nikadhani kila nyumba..." Nami nilihisi joto likinipanda shingoni, kwa sababu yeye angalau hakujua. Mimi nilikulia katika sanduku la shule, barua zangu zote zilipita mikononi mwa watoto, na siku alipoisoma sheria ile kwa sauti nilimwambia ni nzuri sana. Nilikuwa nimefika mjini mwaka mmoja tu, na tayari nilikuwa nimesahau jinsi watu wanavyopata barua.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji amtazame Mwalimu Kemunto vizuri. Hakuna aliyejua. Angeweza kuifuta sheria ile kimyakimya na kulaumu laini ya simu, au Nairobi, au wafadhili. Nimewaona wakubwa wenye vyeti ukuta mzima wakifanya hivyo kwa makosa madogo kuliko lile. Yeye aliweka mikono mapajani, akasema, "Programu imefanya kile nilichoiambia. Mimi ndiye nilikosea, nikawaambia wao ndio wamekosea. Na sikuwaambia hata ni wapi." Akavuta kiti. Sheria ya sanduku aliifuta kwa dakika mbili, akaweka mahali pake namba ya mtihani wa kidato cha nne, ambayo hakuna msichana wa kwetu asiyeijua kwa moyo na ambayo haifanani na ya mwenzake. Nikadhani tumemaliza. Kumbe ndiyo kwanza alikuwa anaanza.

Alisema mtu akirudishwa, arudishwe na kila alichokiandika, maana aliyeandika robo saa kwa kidole kimoja si wa kunyang'anywa. Alisema kosa liandikwe kwa rangi nyekundu kando ya mstari wenye kosa, si juu ya ukurasa ambako hakuna anayelihitaji. Na makosa yote yatajwe kwa pamoja. "Unajua ile ofisi ya serikali," akaniambia, "leo unaambiwa ulete picha mbili, ukileta unaambiwa barua ya chifu, ukileta unaambiwa picha ziwe nne. Sisi hatutafanya watu hivyo." Kuandika maneno yenyewe alinipa mimi. Niliandika, "Mwaka wa kuzaliwa si sahihi." Akasoma, akaniuliza, "Mama yako mdogo ungemwambia hivyo, akiwa amesimama hapo na viatu mkononi?" Nikaandika tena: "Mwaka wa kuzaliwa haujaandikwa. Andika mwaka tu, hata kama siku huijui." Akapangusa vidole, akasema huo sasa ni ujumbe. Tulifanya hivyo mstari kwa mstari, Alhamisi yote na Ijumaa. Kila sentensi aliisoma kwa sauti, na Mama Hansa, ambaye alikuwa amepanda na dengu akasahau kuteremka, alitikisa kichwa au kukubali. Ijumaa jua lilipoanza kushuka Mwalimu alifunika kompyuta, kwa kuwa alikuwa mtu wa Sabato na Sabato ilikuwa inaingia. Kazi ilikuwa imekamilika dakika chache tu kabla ya hapo, na nadhani aliziona hizo dakika kama jibu la maombi.

Siku ya Sabato tulikwenda naye kanisani Kebirigo. Wakati wa matangazo aliomba nafasi, akasimama mbele na sketi yake ile ile, akasema kwa Ekegusii kwamba anaitwa Kemunto, kwamba fomu iliyowakataa mabinti zao aliiandika yeye, kwamba mabinti hawakukosea popote na yeye ndiye aliyekosea, na kwamba fomu imerekebishwa na ofisi itafunguliwa Jumapili, na Jumatatu hadi adhuhuri, maombi yanapofungwa. Hakueleza jinsi kompyuta zilivyo ngumu. Mzee mmoja wa kanisa akauliza kutoka kwenye kiti chake, "Kwa hivyo hawa wasichana hawakuwa wajinga?" Akajibu, "Hapana, mzee. Hata mmoja." Nilisikia pumzi ikishuka katika kanisa lile zima, na mimi, ambaye hadi siku hiyo nilimpenda kwa akili zake, nikampenda kwa jambo jingine. Nilimtafuta Nyanchama kwa macho safu kwa safu. Hakuwepo.

Tulipotoka nje Mwalimu akanishika mkono. "Mama Hansa aliniambia ulichomwambia yule msichana. Chini kule wanasikia kila kitu." Mkono hakuuachia. "Yangu nimeshasema," akaendelea. "Yako siwezi kukusemea."

Jumapili asubuhi nilimkuta Nyanchama katikati ya shamba la chai, kikapu mgongoni, baba yake ameketi kando ya shamba akichambua majani juu ya gunia. Nilimsalimu, nikaanza kueleza habari za sanduku na sheria. Aliendelea kuchuma. Nilipofika kwenye maneno yangu mwenyewe, yale ya dawa za wagonjwa, nikaomba msamaha kwa kunong'ona.

"Usiniambie mimi peke yangu," akasema, mikono haijasimama. "Kuja useme mbele ya baba. Yeye ndiye ananiuliza kila jioni hiyo shule yote nilijifunza nini."

Kutoka pale hadi kwenye gunia palikuwa na hatua chache, na sijawahi kutembea mbali hivyo. "Tata," nikamwambia mzee, kama tunavyowaita baba zetu, "binti yako aliandika kila kitu sawa. Mara zote tatu. Kosa lilikuwa kwa fomu yetu. Na mimi nilimcheka mbele ya watu, na mimi ndiye nilikuwa mjinga."

Mzee alinitazama. "Kumbe kompyuta nayo inakosea?"

"Sio kompyuta, tata. Ni sisi tuliiandika vibaya."

"Na umetoka Kisii mpaka hapa kusema hiyo maneno tu?"

"Hiyo tu. Na kwamba kesho saa sita inafungwa."

Alichagua jani moja gumu kwenye gunia, akalitupa, akachagua jingine. "Nyanchama," akasema hatimaye, bila kumwangalia, "shusha hicho kikapu. Osha mikono uende."

Tulifika ofisini alasiri, na ngazi zilikuwa zimejaa wasichana wa Kebirigo. Nyanchama aliketi dirishani, akaandika kwa kidole kimoja, akabonyeza. Tukangoja Nairobi. Ukurasa uliporudi niliona wekundu nikadhani imekataa tena, lakini yeye aliinama karibu na kioo na kusoma. Kila alichoandika kilikuwa pale pale alipokiacha, na kando ya mstari mmoja palikuwa na sentensi ambayo niliiandika mwenyewe siku ya Ijumaa: "Namba ya mtihani imepungua tarakimu. Tafadhali itazame tena." Akahesabu tarakimu kwa ncha ya kidole. "Aa, nimeruka saba," akasema, si kwangu wala kwa mtu yeyote. Akaiweka. Akabonyeza. Ombi lilipokelewa, na jina lake likatokea kwenye ujumbe wa shukrani.

Nafasi ya kusomea uuguzi aliipata, ingawa habari hiyo ilikuja wiki nyingi baadaye. Alasiri ile hakuna aliyejua. Nilimtazama nikitarajia atainuka, na labda aniambie neno. Hakuinuka. Alisogea pembeni ya kiti, akamvuta msichana aliyemfuata kwenye foleni aketi nusu yake, msichana mdogo mwenye karatasi ya daftari mkononi, akamwekea kidole chake kwenye herufi ya kwanza.

"Andika bila kuogopa," akamwambia. "Ukikosea, itakuonyesha ni wapi."